Wakimbizi wa Mkahawa wa Rick

Kwenye mkahawa wa Rick kuna mwanamume mmoja aliyesimama nyuma ya meza ya kamari. Kazi yake ni kuzungusha gurudumu, kukusanya dau la walioliwa, na kutega sikio bosi wake anapokuja kumnong'oneza. Anaitwa Emil. Maneno anayotamka katika filamu nzima ya Casablanca hayajazi ukurasa mmoja, na jina la mwigizaji wake halimo kwenye orodha inayopita mwanzoni. Macho ya watazamaji wengi humpita kama yanavyopita kiti.

Mtu huyo ni Marcel Dalio. Mwaka 1937 alikuwa mmoja wa nyota wa La Grande Illusion, na mwaka 1939 alicheza nafasi kubwa katika La Règle du jeu, zote kazi za mwongozaji Jean Renoir. Juni 1940 Wajerumani walipokuwa wanaikaribia Paris, Dalio, ambaye alikuwa Myahudi, alifunga virago na mkewe kijana, Madeleine Lebeau. Huku nyuma, Wanazi waliichukua picha ya uso wake wakaibandika kwenye mabango ili raia wajue Myahudi anafananaje. Yeye na mkewe walifika Lisbon, wakasubiri viza kwa wiki nyingi, wakapanda meli ya Kireno wakiwa na viza za Chile. Walipofika Mexico wakaambiwa viza hizo ni za kughushi. Hatimaye Kanada ikawapa hati za muda, na kwa hati hizo wakaingia Marekani.

Miaka miwili baadaye, studio ya Warner Bros. huko Burbank, California, ikamwajiri Dalio kuzungusha gurudumu la kamari katika picha inayohusu watu waliokwama mahali fulani wakisubiri viza. Hakuhitaji kufundishwa wahusika wale wanajisikiaje.

Casablanca imesifiwa kwa mapenzi yake, kwa koti la mvua la Humphrey Bogart na kwa macho ya Ingrid Bergman. Sifa hizo ni za haki. Lakini picha hii ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na wakimbizi, ndani ya kiwanda ambacho hakikuwa na nia ya kusimulia habari zao, na kilichoifanya idumu kinaonekana zaidi pembeni mwa kioo kuliko katikati. Anayetaka kuijua Hollywood ya miaka ya vita afanye kama anayekwenda harusini kuwatazama wapishi.

Neno kiwanda hapa si mafumbo. Kampuni tano kubwa, yaani MGM, Paramount, Warner, Fox na RKO, zilikuwa zikitengeneza filamu, zikizisambaza, na kuzionyesha katika kumbi zao wenyewe. Waigizaji walifungwa kwa mikataba ya miaka saba na waliweza kuazimwa kama jembe la jirani. Bergman hakuwa mali ya Warner. Alikuwa wa mtayarishaji David O. Selznick, aliyemtoa kwa masharti kwamba naye aazimwe Olivia de Havilland. De Havilland huyo huyo, mkataba wake ulipokwisha na studio ikataka kumwongezea muda uliopotea kila alipokataa kazi, aliishtaki Warner mwaka 1943. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ya California ikaamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Mwanamke mmoja aliitikisa nguzo ambayo wanaume wengi waliiegemea tu wakinung'unika.

Kiwanda hicho kilikuwa na wateja. Wakati wa vita Wamarekani waliokata tiketi za sinema kila wiki walizidi milioni 80, katika taifa la watu kama milioni 135. Petroli ilitolewa kwa mgawo, sukari kwa mgawo, matairi kwa mgawo. Sinema haikuwekewa mgawo.

Muswada uliozaa Casablanca ulikuwa wa tamthilia ambayo ilikuwa bado haijapanda jukwaani. Waandishi wake walikuwa Murray Burnett, mwalimu wa New York, na Joan Alison. Mwaka 1938 Burnett alisafiri kwenda Vienna, muda mfupi baada ya Hitler kuimeza Austria, akaona Wayahudi wanavyohangaika kutoka na kidogo walichonacho. Kusini mwa Ufaransa aliingia kwenye klabu ya usiku ambamo mpiga piano mweusi aliwatumbuiza wateja wa mataifa mbalimbali, kila mmoja na siri yake. Akaunganisha mambo hayo mawili. Tamthilia ilifika kwenye meza ya msomaji wa miswada wa Warner tarehe 8 Desemba 1941. Siku moja kabla, ndege za Japani zilikuwa zimeishambulia Pearl Harbor. Studio ikainunua kwa dola 20,000, bei iliyowashangaza watu kwa kazi ambayo hakuna jukwaa lililoitaka.

Si bahati kwamba iliangukia Warner. Ndugu wa familia hiyo, watoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Poland, walikuwa wamefunga ofisi yao ya Ujerumani mapema wakati studio nyingine zikiendelea kubembelezana na Berlin. Mwaka 1939 walitoa Confessions of a Nazi Spy, picha iliyowataja Wanazi kwa jina lao bila kuzungusha maneno. Kwa ujasiri huo waliitwa Washington: Septemba 1941 kamati ya Seneti iliwahoji wakuu wa studio kwa tuhuma ya kuisukuma nchi vitani kwa kutumia sinema. Harry Warner alikwenda kujieleza. Miezi mitatu baadaye mabomu ya Pearl Harbor yakaifunga kamati hiyo, na serikali iliyokuwa ikiwafokea sasa ikaja kuwaomba msaada.

Juni 1942 ikaundwa idara ya habari za vita, nayo ikawa na ofisi ya filamu huko Hollywood. Watayarishaji walitakiwa wajiulize kwanza kama picha wanayoitengeneza itasaidia kushinda vita. Baadhi yao walijibu kwa bendera na ngoma. Picha nyingi za aina hiyo leo haziangaliki: askari wanahutubia wakiwa kwenye handaki kana kwamba wako bungeni. Mrs. Miniver ya William Wyler, iliyomhusu mama wa Kiingereza na waridi lake, ilifanya kazi hiyo kwa adabu zaidi na ikajaza kumbi. Ernst Lubitsch, Myahudi wa Berlin, alithubutu kuwacheka Wanazi katika To Be or Not to Be, na baadhi ya wakosoaji wa wakati ule wakaona amekosa haya. Muda umempa haki Lubitsch.

Casablanca ilipita katikati. Siasa zake zimo ndani ya hundi.

Ni vizuri kuitazama hundi hiyo kwa karibu, kwa sababu wengi huikosa. Rick, yaani Bogart, hatujamwona bado. Tunauona mkono tu, glasi, na ubao wa sataranji ambao anacheza peke yake. Karatasi inaletwa, mkono unaandika kwamba amekubali na kutia sahihi, na kwa nukta chache kamera inatuachia tuisome tarehe: 2 Desemba 1941. Siku tano kabla ya Pearl Harbor. Baada ya hapo kila Rick anaposema kwamba hajitii matatani kwa ajili ya mtu yeyote, mtazamaji wa mwaka 1942 alijua ni nani hasa anayesema. Ni Marekani yenyewe, imekaa na glasi yake, ikicheza sataranji peke yake wakati Ulaya inawaka. Hakuna mhusika aliyelazimika kulitamka hilo.

Upigaji picha ulianza tarehe 25 Mei 1942 na kumalizika mwanzoni mwa Agosti, na siku ya kwanza muswada ulikuwa haujakamilika. Ndugu mapacha Julius na Philip Epstein, waliotia mzaha na maneno makali, walikuwa wameondoka kwa muda katikati ya uandishi kwenda Washington kumsaidia Frank Capra na filamu za jeshi. Howard Koch akaingia na uzito wa siasa. Kurasa zilifika zikiwa bado na joto. Bergman alilalamika kwamba hajui mhusika wake anampenda yupi kati ya wanaume wawili, na mwongozaji Michael Curtiz akamshauri acheze katikati. Ushauri huo, uliotokana na shida, ndio unaofanya uso wake uwe fumbo hadi leo.

Curtiz alikuwa mtu wa Budapest, mkali kama pilipili kichaa, na Kiingereza chake hakikunyooka hata baada ya miaka kumi na sita Marekani. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha siku alipoagiza kidimbwi cha maji barabarani. Kwa matamshi yake, puddle ikasikika poodle, na fundi wa vifaa alielewa mbwa mwenye manyoya ya kusokota, akahangaika hadi akampata, akamleta. Kamera zote zikasimama. Lakini mtu huyu aliyeshindwa kuagiza maji alijua kuisogeza kamera katika chumba chenye watu mia bila kumpoteza hata mmoja.

Vita vilibana mpaka mbao na misumari. Serikali iliweka kikomo cha dola 5,000 kwa vifaa vipya vya kujengea mandhari ya filamu moja. Mafundi wa Warner wakafanya kama mama anayepindua kanga: mitaa ya Kiarabu ilitoka kwenye picha nyingine ya jangwani, na kituo cha treni cha Paris kilikuwa kimeshatumika kwenye Now, Voyager. Uwanja wa ndege wa mwisho, ule wenye ukungu, ulijengwa ndani ya studio. Ndege inayoonekana kwa mbali ilikatwa kutoka kwenye ubao, ndogo kuliko ndege ya kweli, na ili jicho lisigundue wakaletwa watu wafupi sana wavae nguo za mafundi na kuizunguka. Ukungu ulikuwa wa kuficha ubao. Baadaye wakosoaji wameandika mengi kuhusu maana ya ukungu ule.

Sasa turudi kwa watu wa pembeni. Waigizaji 14 wametajwa mwanzoni mwa filamu; waliozaliwa Marekani ni watatu tu: Bogart, Joy Page, na Dooley Wilson aliyemwigiza Sam. Paul Henreid alitoka Austria. Peter Lorre alizaliwa katika dola ya Austria na Hungaria na kupata jina Berlin kabla ya kukimbia. S. Z. Sakall, mhudumu mnene mwenye mashavu ya kubonyezeka, alikuwa Mhungaria. Dada zake watatu walifia kwenye kambi za Wanazi. Helmut Dantine, yule kijana wa Kibulgaria anayetafuta pesa za viza mezani kwa Dalio, alikuwa amewahi kufungwa kambini baada ya Wanazi kuiteka Austria.

Na Meja Strasser, adui mkuu, aliigizwa na Conrad Veidt. Huyu alikuwa nyota mkubwa wa sinema ya Ujerumani aliyeondoka mwaka 1933, mke wake akiwa Myahudi. Alipofika Hollywood akakuta kwamba lafudhi yake inamfaa kitu kimoja tu: kuwaigiza wale wale aliowakimbia. Alikubali, kwa sharti kwamba wawe waovu wasio na chembe ya huruma. Wapo waliotaka wapunguziwe makali. Yeye alitaka waongezewe.

Kulikuwa na kejeli nyingine, ambayo haikuandikwa na mwandishi yeyote wa Warner. Tangu Machi 1942, amri ya jeshi katika pwani ya magharibi iliwataka wageni wenye uraia wa mataifa adui wawe majumbani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mkimbizi wa Kijerumani aliyefukuzwa na Hitler alihesabiwa humo. Mchana anaigiza mteja wa klabu ya usiku. Jua likizama anakimbilia nyumbani asije akakamatwa. Na Wajapani wa California, wengi wao raia wa kuzaliwa Marekani, hawakubakiziwa hata nyumba za kukimbilia. Waliswagwa kambini, na hakuna studio iliyowatengenezea picha wakati ule.

Mambo yote haya yanakutana katika dakika chache, katikati ya filamu. Maafisa wa Kijerumani wameizunguka piano, wanaimba wimbo wao wa kizalendo kwa sauti za ulevi wa ushindi. Laszlo, kiongozi wa upinzani, anawaendea wanamuziki na kuwataka wapige La Marseillaise. Wanamuziki wanamtazama Rick. Rick anatikisa kichwa kidogo tu, kukubali. Kisha mkahawa mzima unasimama, na nyimbo mbili zinapambana mpaka mmoja unamezwa.

Kwenye umati huo walikuwamo watu waliokuwa wameikimbia Ulaya kweli. Dan Seymour, aliyemwigiza bawabu Abdul, alikumbuka kwamba alipogeuka aliona karibu nusu yao wanalia. Kamera inamsogelea Madeleine Lebeau, mke wa Dalio, aliyekuwa na umri wa miaka 19. Mhusika wake ameingia mkahawani akiwa ameshikana mkono na afisa wa Kijerumani. Sasa machozi yanamtiririka huku akiimba. Nje ya kamera ndoa yake ilikuwa inavunjika: Dalio alifungua kesi ya talaka wakati upigaji picha ukiendelea. Mumewe alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwenye gurudumu lake.

Renoir alikuwa ametumia wimbo huo huo namna hiyo katika La Grande Illusion, wafungwa wakiwaimbia walinzi wao. Dalio alikuwamo katika picha zote mbili.

Vijiweni na kwenye mabanda ya video, watazamaji wa Afrika Mashariki wana kanuni yao: stelingi hafi. Wangeweza kuongeza kwamba stelingi hupata mwanamke. Rick hafi, lakini mwanamke, Ilsa wa Bergman, anampakia ndege na mume wake, Laszlo. Uamuzi huo unasifiwa kama kilele cha kujitolea, na ndivyo ulivyo. Ila nyuma yake alikuwapo pia Joseph Breen, msimamizi wa kanuni za maadili za sinema, ambaye asingepitisha filamu inayomruhusu mke wa mtu aondoke na mpenzi wake. Breen alikuwa ameshapiga kelele kuhusu mkuu wa polisi Renault anayewauzia wanawake viza kwa miili yao. Waandishi wakaacha dokezo tu, na dokezo likauma kuliko maelezo. Jambo hili halimpendezi mtu anayechukia vidhibiti vya sanaa, lakini ukweli ni kwamba filamu hii inawiwa na mdhibiti wake.

Deni jingine ni la nywele. Mtunzi wa muziki, Max Steiner wa Vienna, hakuupenda wimbo As Time Goes By, kazi ya Herman Hupfeld ya mwaka 1931, akataka atunge wake. Kuubadili kulihitaji baadhi ya matukio yapigwe upya. Lakini Bergman alikuwa ameshakata nywele fupi kwa ajili ya For Whom the Bell Tolls. Wimbo ukabaki, na Steiner akausuka ndani ya muziki wote kana kwamba ulikuwa wake tangu mwanzo. Dooley Wilson anayeuimba alikuwa mpiga ngoma na hakujua piano. Vidole vinavyosikika ni vya Elliot Carpenter aliyekaa nje ya kamera. Sam ana heshima zaidi kuliko watumishi weusi wengi wa sinema ya wakati ule: ana akili, ana siri za bosi, anashirikishwa. Hata hivyo Ilsa, mwanamke mwema wa picha, akimuulizia humwita kijana, huku Wilson akiwa mtu mzima wa miaka 56.

Hapo ndipo Mwafrika anapoanza kukaa vibaya kwenye kiti. Jina la mji ule kwa Kiarabu ni Dar al-Baida, nyumba nyeupe, na mzungumzaji wa Kiswahili anaitambua hiyo Dar bila mkalimani. Lakini katika picha yenye jina la mji huo Mmoroko hana mdomo. Bawabu Abdul ni Seymour, mzaliwa wa Chicago. Mchuuzi wa vitambaa sokoni ni Frank Puglia, mzaliwa wa Sicily. Wafaransa, Wajerumani na Wamarekani wanagombania uhuru wa Ulaya kwenye ardhi ambayo nayo ilikuwa imetawaliwa na Ufaransa tangu 1912, na hakuna anayeliona hilo. Miaka miwili baadaye askari wa Kimoroko walikuwa wakipanda milima ya Italia kupigania Monte Cassino. Mwaka ule ule wa 1942, askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walitua Madagaska. Afrika iliyokuwa vitani haikuingia Burbank.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1943 Bogart huyo huyo alicheza Sahara, iliyoongozwa na Zoltan Korda kwa ajili ya Columbia. Rex Ingram, Mmarekani mweusi, anamwigiza Tambul, sajini wa Kisudani, ambaye ndiye anayewafikisha wenzake kwenye kisima na kushuka ndani kukinga maji tone kwa tone. Wanaume weupe wamekaa juu, ndimi zimekauka, wakimsubiri yeye. Picha hiyo haina umaarufu wa Casablanca na haistahili kuufikia, lakini sajini Tambul ana jina, ana cheo na ana la kusema.

Historia iliisaidia Warner kwa namna ambayo fedha haziwezi kununua. Tarehe 8 Novemba 1942 majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Afrika Kaskazini, na baada ya siku tatu mji wenyewe wa Casablanca ukawa mikononi mwao. Studio iliyokuwa imepanga kuitoa filamu mwaka unaofuata ikaharakisha. Kulikuwa na wazo la kuongeza mwisho mpya, Rick na Renault wakiwa melini kwenda vitani. Likatupwa, kwa bahati njema. Filamu ikafunguliwa New York tarehe 26 Novemba, na ilipoanza kusambazwa kote nchini tarehe 23 Januari 1943, Roosevelt na Churchill walikuwa Casablanca kwenye mkutano. Hakuna tangazo la biashara lingeweza kushindana na hilo. Serikali, hata hivyo, ilizuia isionyeshwe kwa wanajeshi wa Afrika Kaskazini, ikihofia kuwaudhi wafuasi wa Vichy, serikali ya Kifaransa iliyoshirikiana na Wanazi. Propaganda ilikuwa imefaulu kupita kiasi.

Machi 1944 ilitwaa tuzo ya filamu bora, pamoja na za uongozaji na uandishi. Jina lilipotangazwa mtayarishaji Hal Wallis aliinuka kwenda kuichukua, akakuta Jack Warner ameshakimbilia jukwaani, anacheka. Wallis aliihama studio hiyo muda si mrefu.

Veidt hakuiona tuzo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Aprili 1943, kwenye uwanja wa gofu Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka 1952 filamu ilipopelekwa Ujerumani Magharibi, wasambazaji waliikata kama dakika 25. Laszlo aligeuzwa kuwa Larsen, mwanasayansi wa atomu kutoka Norway, na Wanazi wakaondolewa wote, Meja Strasser akiwa wa kwanza. Ugomvi wa nyimbo ukaenda naye. Wajerumani walingoja hadi mwaka 1975, televisheni yao ilipoonyesha filamu nzima yenye sauti mpya za Kijerumani. Tangu Veidt aondoke Berlin ilikuwa imepita miaka 42.